MAONI: Pima RAM kwanza kabla hujamwaga pesa kwa fundi

Vijana wengi mjini sasa wanajiundia kompyuta wenyewe. Mtu ananunua kasha mwezi huu, madabodi mwezi ujao, anatafuta prosesa ya mtumba pale Luthuli Avenue, kisha anaketi kejani na bisibisi mkononi na video ya YouTube kwenye simu hadi mashine inawaka. Kama wewe ni mmoja wao, hongera. Hiyo si kazi ndogo.

Lakini kuna jambo linanikera. Wengi wamejifunza kuunganisha vifaa, hawajajifunza kuvipima. Mashine ikianza kusumbua, yule yule aliyejigamba kwenye status kwamba ameunda kompyuta yake mwenyewe anabeba kasha zima kwenye matatu hadi kwa fundi na kumwambia, "Angalia tu, buda, sijui ina nini."

Na fundi akiambiwa hivyo, unajua atakachofanya. Atafomati. Ataweka Windows upya, utalipa, utarudi nyumbani. Siku tatu baadaye mashine inajizima tena. Safari hii unaambiwa disk imechoka. Unanunua disk. Wiki mbili zikipita, unaambiwa ni madabodi. Wakati huo wote, kilichokuwa kibovu ni kipande kimoja cha RAM, kitu unachoweza kukichomoa kwa vidole vyako mwenyewe.

Kwa maoni yangu, yeyote aliyejiundia kompyuta anafaa kujua kupima RAM, na anafaa kuipima kabla ya kufomati, kabla ya kununua kifaa kingine na kabla ya kwenda kwa fundi. Unahitaji flashi moja na usiku mmoja. Hakuna kipimo kingine cha kompyuta kinachokuambia mengi hivyo kwa bei hiyo.

Kwa nini naanza na RAM? Kwa sababu RAM mbovu ni mwongo hodari. Leo skrini inageuka bluu (kwenye Windows 11 za karibuni imekuwa nyeusi) na kuandika MEMORY_MANAGEMENT. Kesho inaandika IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Keshokutwa hakuna ujumbe wowote, gemu inakurusha nje tu bila kuaga. Unapakua faili kubwa la ZIP, unaambiwa limeharibika. Unalipakua tena, bando inaisha, safari hii linafunguka. Unaweka Windows upya, inakwama katikati. Ukijaribu tena, inamaliza vizuri. Mtu akiona dalili zinazobadilika hivyo anadhani ni virusi, au ni Windows yenyewe, au amerogwa.

Maelezo yake si magumu. RAM ya GB 16 ina vijichumba zaidi ya bilioni 137, na kila kimoja kinashika biti moja, yaani sifuri au moja, kwa njia ya chaji ndogo sana ya umeme. Chaji hiyo huvuja, kwa hivyo RAM huijaza upya zaidi ya mara kumi kila sekunde. Vijichumba vichache tu vikishindwa kushika chaji, sehemu hiyo ya RAM itakuwa inarudisha kitu tofauti na ulichoiwekea. Na kwa kuwa kompyuta haiweki kitu kilekile mahali palepale kila mara, leo sehemu mbovu inaangukia Chrome, kesho inaangukia programu ya kadi ya grafiki, siku nyingine inaangukia kiini chenyewe cha Windows. Ugonjwa ni mmoja, ila kila siku anaugua mtu mwingine. Ndiyo maana kufomati hakusaidii. Unabadilisha wapangaji, nyumba inayovuja ni ile ile.

Hata wakubwa wa kazi hii hudanganywa. Mnamo Oktoba 2022 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza kuona kompyuta yake ikifeli ovyo alipokuwa akijenga programu. Mwanzoni alishuku kwamba kuna hitilafu mpya kwenye kernel ya Linux. Kumbe ilikuwa kipande kimoja cha RAM kilichoharibika baada ya takriban miaka miwili na nusu ya kazi nzuri. Alithibitisha vipi? Aliacha kipimo cha RAM kikiendelea usiku kucha. Kama yeye aliishuku programu kwanza, si ajabu wewe na fundi wako mkafanya vivyo hivyo. La kuiga kwake ni kwamba hakuishia kwenye kushuku. Alipima.

Wala usidhani ni tatizo la nadra la watu wenye bahati mbaya. Mwaka wa 2009, watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha utafiti kuhusu RAM za seva za Google. Waligundua kwamba kila mwaka zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilikumbwa na angalau kosa moja. Seva zile zilikuwa na RAM aina ya ECC, ambayo hugundua makosa na kurekebisha mengi yake. Kompyuta yako ya nyumbani karibu hakika haina ECC. Kosa likitokea, hakuna anayekuambia.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko ile ya skrini ya bluu. Skrini ya bluu angalau inapiga kelele. RAM mbovu inaweza pia kuharibu kazi yako kimyakimya. Kwenye kompyuta, tarakimu 1 na tarakimu 9 zikihifadhiwa kama maandishi zinatofautiana kwa biti moja tu. Biti hiyo ikigeuka, bei ya 1,000 uliyomwandikia mteja inaweza kuhifadhiwa kama 9,000, na hakuna onyo lolote. Video ya harusi uliyohariri wiki nzima inaweza kuwa na sehemu iliyovurugika. Tasnifu yako ya chuo inaweza kukataa kufunguka usiku wa kuamkia siku ya kuiwasilisha. Na kama ulikuwa unanakili kazi zako kwenye disk ya nje kupitia RAM hiyo hiyo, huenda nakala nazo zimeharibika. Kwa kijana anayekula kutokana na mashine yake, hiyo ni riziki inaliwa na mchwa.

Sasa tuingie kwenye kupima, kwa sababu maoni bila njia ni kelele tu.

Kwanza, nakili kazi zako muhimu, lakini usifute nakala za zamani. Kama unashuku RAM, nakala ya mwezi uliopita inaweza kuwa salama kuliko ya leo.

Pili, ingia kwenye BIOS na uzime XMP, au EXPO kama madabodi yako ni ya prosesa mpya za AMD. Wengi hawajui kwamba RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3600 kwenye pakiti huwaka kwa kasi ya chini zaidi usipowasha XMP. Ile 3600 ni kasi ya kuongezewa. Si kila madabodi na prosesa zinaweza kuibeba bila kuyumba. Mashine ikitulia baada ya kuzima XMP, huenda RAM yako haijafa kamwe. Ilikuwa inakimbizwa tu kuliko mashine inavyoweza. Ipunguzie kasi hatua moja, uipime tena, uendelee na maisha.

Tatu, pima. Windows ina kipimo chake ndani. Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, ukubali mashine iwake upya, usubiri. Kikikuambia kuna hitilafu, kiamini. Kikikuambia kila kitu kiko shwari, usianze kusherehekea, kwa sababu si kikali sana. Kipimo ninachokupendekezea ni Memtest86+, programu ya bure kabisa. Unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, inaanza kazi yenyewe bila Windows. Mashine ikikataa kuiwasha, zima Secure Boot kwenye BIOS. Ila kabla ya kugusa Secure Boot, hakikisha umehifadhi ufunguo wa BitLocker kama disk yako imefungwa nayo, la sivyo utajifungia nje ya nyumba yako mwenyewe.

Iache ipime usiku kucha, angalau mizunguko minne kamili. Usiikatize baada ya dakika kumi eti kwa sababu bado haijaonyesha kitu. Kuna makosa yanayojitokeza RAM ikishapata joto, au kwa aina fulani ya jaribio tu. Na kama stima itapotea saa nane usiku, usijali. Kipimo hicho hakiandiki chochote kwenye disk yako, kwa hivyo unaanza upya tu.

Asubuhi, soma matokeo bila huruma. RAM nzima haina kosa hata moja. Usikubali mtu akuambie kwamba makosa mawili matatu ni kawaida. Si kawaida. Kosa moja kwenye kasi ya kawaida linatosha kusema kuna kitu kibovu. Lakini, na hapa ndipo wengi huteleza, bado hujajua ni kitu gani. Kipimo kinasema kuna kosa kati ya prosesa na RAM. Hakijasema mkosaji ni nani.

Kwa hivyo hatua ya nne ni kutenganisha washukiwa, kama mpelelezi anavyowahoji mmoja mmoja. Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kasha kutoa umeme tuli mwilini. Usifanyie kazi hii juu ya blanketi. Chomoa vipande vyote vya RAM, ubakishe kimoja tu kwenye sloti ambayo kitabu cha madabodi kimependekeza. Kwenye madabodi nyingi zenye sloti nne, hiyo ni ya pili kutoka kwa prosesa, na huandikwa A2. Pima. Kisha kitoe, weka cha pili kwenye sloti ile ile, pima tena.

Kosa likifuata kipande kimoja kila unapokihamisha, mbovu ni kipande hicho. Kosa likibaki kwenye sloti moja hata ukibadilisha vipande, basi shida iko kwenye sloti, madabodi au prosesa. Angalia vumbi. Angalia vijipini vya soketi ya prosesa, na kama feni ya prosesa imekazwa kupita kiasi upande mmoja. Kila kipande kikitoa makosa kila mahali, usikimbilie kusema zote zimekufa. Ni nadra RAM mbili kuharibika siku moja. Washuku madabodi, prosesa na pawasaplai. Na kila kipande kikipita kikiwa peke yake lakini zikishindwa zikiwa pamoja, huenda umechanganya RAM za aina tofauti zisizoelewana. Hiyo hutokea sana kwa mtu aliyenunua kipande kimoja mwaka jana na kingine mwaka huu. Jaribu kuzipunguzia kasi kabla ya kumlaumu yeyote.

Na kama mashine haiwaki kabisa kiasi cha kukataa hata kupima? Angalia kama madabodi yako ina taa ndogo iliyoandikwa DRAM, au kama inapiga mlio wa biip mara kadhaa, kisha utafute maana yake kwenye kitabu chake. Jaribu kipande kimoja kimoja. Mara nyingi RAM haijakaa vizuri tu. Isukume hadi usikie vibanio vikilia. Kama migusano ya dhahabu imechafuka, ifute taratibu kwa kitambaa safi chenye spiriti, uiache ikauke kabisa. Na kama umejenga mashine ya DDR5, kuwa na subira. Inapowaka mara ya kwanza inaweza kukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi huku ikijifunza RAM yake. Kuna watu wamerudisha madabodi nzima dukani kwa kukosa dakika tano za kusubiri.

Najua utakachoniuliza. Fundi si yupo? Kazi yake ni nini basi? Sina ubaya na mafundi. Kuna mafundi stadi mjini hapa wanaopima kabla ya kufungua mdomo, na hao wanastahili kila shilingi. Lakini humjui stadi kwa kumtazama usoni. Utamjua ukienda na ushahidi. Nenda na picha uliyopiga kwa simu ya skrini ya Memtest ikiwa na mistari ya makosa, umwambie, "Kipande hiki kimefeli kwenye sloti mbili, hiki kingine kimepita." Fundi mzuri atafurahi kwa sababu umemwokolea muda. Yule wa kubahatisha atajua siku hiyo hakuna cha bure. Wahenga walisema cha mlevi huliwa na mgema, na kwenye biashara ya kompyuta mlevi ni mteja asiyejua anachotaka kurekebishiwa.

Mwingine atasema RAM ni kitu kidogo, si ununue tu nyingine uone? Kwanza, huko ni kucheza kamari. Ukinunua RAM mpya kumbe shida ni sloti, umepoteza doh na mashine bado inaugua. Pili, siku za kusema RAM ni bei ya karanga zimepita. Tangu mwishoni mwa 2025 bei imepaa duniani kote, kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye kumbukumbu za seva za akili unde. Mnamo Desemba 2025, Micron, mojawapo ya kampuni tatu kubwa zinazotengeneza chipu za RAM duniani, ilitangaza kwamba inaachana na biashara ya Crucial, jina ambalo wengi wetu tulilitegemea tukinunua RAM za nyumbani. Katika soko kama hilo, kutupa kipande kizima kwa kushuku tu ni anasa. Kununua cha mtumba bila kukipima ni hatari zaidi, kwa sababu bei ikipanda, vibovu navyo hupata wateja.

Ndiyo maana nasema siku nzuri kuliko zote ya kupima RAM ni siku unayoinunua. Usingoje iugue. Ukitoka dukani, ipime usiku huo huo, kabla muda wa kurudisha haujaisha. Dai risiti, na uhakikishe namba ya kipande imeandikwa juu yake. Uliza waranti ni ya muda gani na nani ataishughulikia. RAM nyingi mpya za kampuni zinazojulikana huja na waranti ndefu, lakini haikusaidii kama huna risiti. Ukinunua jozi, jua kwamba kimoja kikifeli mara nyingi utatakiwa kurudisha vyote viwili, kwa hivyo usitupe pakiti. Na muuzaji akijifanya hakujui, mkumbushe kwamba Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012, inayotaka mtu auziwe bidhaa yenye ubora unaokubalika. Ukiwa na risiti na picha ya kipimo cha siku ya kwanza, unaongea ukiwa umesimama kwa miguu miwili.

Vipi kama umeshapima, umejua kipande ni kibovu, na mfuko uko tupu? Kitoe, uendelee na kilichobaki. Najua inauma kushuka kutoka GB 16 hadi GB 8. Utafunga vichupo vingine vya Chrome, gemu fulani zitasubiri. Lakini kazi yako itakuwa salama, na utanunua kingine kwa utaratibu badala ya kukopa kwa haraka. Mashine inayokwenda polepole ni afadhali kuliko ile inayokimbia huku ikibadilisha maandishi yako.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ujuzi huu hauhitaji cheti wala pesa ya kozi. Na ukishaujua, usikae nao peke yako. Katika kila mtaa kuna msee aliyejiunganishia mashine na sasa inamtesa, na yuko karibu kumpelekea mtu asiyemjua kasha lake na akiba yake yote. Mpigie simu leo. Mwambie asifomati tena. Mpe hiyo flashi, mwambie aiweke kabla ya kulala, na asubuhi mketi pamoja msome matokeo.